Bomba la Shaba la Milimita 305

Bomba la shaba nyekundu lina urefu wa milimita 305, upana wa ndani milimita 25.4, na ukuta wenye unene wa takriban milimita 2.6. Linajazwa kilipuzi, linasimamishwa wima, kisha linalipuliwa kutoka upande mmoja. Kabla ya sehemu 50 za milioni ya sekunde kwisha, wimbi la mlipuko limefika upande wa pili, na nyuma yake shaba inatanuka kama mdomo wa zumari. Kila kitu ambacho mpimaji anataka kujua kimo katika umbo hilo, nalo halidumu.

Jaribio hili lilikuzwa katika maabara ya Livermore, California, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na matokeo yake yakawekwa wazi mwaka 1965. Swali lake halikuwa kilipuzi kina nishati kiasi gani. Hilo lilikuwa na njia zake. Swali lilikuwa ni kiasi gani cha nishati hiyo kinamfikia mpokeaji, yaani chuma kinachokizunguka.

Aliyeweka msingi wa kukihesabu kiasi hicho hakuwa mtu wa silaha. Ronald Gurney, Mwingereza, alikuwa Princeton mwaka 1928 alipoeleza pamoja na Edward Condon jinsi chembe za alfa zinavyopenya na kutoka kwenye kiini cha atomi. Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilimfikisha kwenye maabara ya jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland, na mwaka 1943 akaandika ripoti kuhusu kasi ya mwanzo ya vipande vya mabomu, makombora na maguruneti. Hakufuata kila wimbi linalogongana ndani ya ganda. Aliigawa nishati mafungu mawili tu, la chuma kinachorushwa na la gesi inayokisukuma. Gesi ya katikati aliihesabu kuwa imetulia, na kadiri inavyokaribia ukuta kasi yake ikawa inapanda sawasawa mpaka kulingana na ya chuma chenyewe. Baada ya hapo alihitaji uwiano wa uzito wa kilipuzi na ganda, pamoja na namba moja inayokitambulisha kila kilipuzi. Kwa TNT, namba hiyo ni kama kilomita 2.4 kwa sekunde.

Huo ulikuwa ujasiri mkubwa wa kurahisisha mambo, na thamani yake ni kwamba ungeweza kupimwa.

Hapo ndipo uteuzi wa shaba unapoonekana kuwa kazi ya akili kweli kweli. Chuma cha kombora hupasuka mapema. Gesi ikishapata ufa huchomoka mbele ya vipande, ikauficha ukuta na kupoteza msukumo. Shaba safi hukubali kuvutwa. Bomba linaweza kufikia upana maradufu na zaidi kabla halijachanika, na muda wote huo gesi imebanwa ndani, inaendelea kusukuma. Mpimaji anapata mfululizo mzima wa mwendo, badala ya namba moja ya mwisho.

Kuuona mwendo huo kulihitaji kamera isiyopiga picha kwa namna ya kawaida. Nyuma ya bomba huwekwa gesi ya argoni, ambayo ikigongwa na wimbi la mlipuko mdogo hutoa mwanga mkali mno. Kamera hutazama kivuli cha bomba kupitia mwanya mwembamba uliolikata kwa upana. Kioo kinachozunguka kwa kasi kubwa huutelezesha mstari huo juu ya filamu, hivyo mahali kwenye filamu panageuka kuwa wakati. Kingo mbili za kivuli zinaachana polepole, kisha kwa haraka, na kutokana na mpindo huo kasi ya ukuta inakokotolewa.

Hesabu ya Gurney ina mipaka. Kwenye ncha za ganda gesi hutorokea pembeni, kwa hiyo vipande vya huko hurushwa kwa kasi ndogo kuliko vya katikati. Hata hivyo bado imo katika miongozo ya kimataifa ya usalama wa maghala ya silaha, kwa sababu kasi ya mwanzo ndiyo inayoanzisha hesabu ya umbali ambao kipande kinaweza kuruka. Wakazi wa Mbagala, Dar es Salaam, ambao ghala lililipuka karibu nao tarehe 29 Aprili 2009 na makombora yakaangukia nyumba zao, hawahitaji kuelezwa uzito wa umbali huo.

Siku hizi kipimo kikuu kwenye bomba lilelile ni leza. Mwaka 2006 Ted Strand na wenzake wa Livermore walichapisha maelezo ya mfumo uliojengwa kwa vifaa vya mawasiliano ya simu: nyuzi za faiba na mwanga wa nanomita 1,550, mwanga wa aina ileile unaopita katika mikongo ya intaneti. Mwanga unaorudi kutoka kwenye shaba inayokimbia huwa umebadilika kidogo. Ukichanganywa na ule wa awali, hutoa mapigo. Ukuta ukienda kilomita moja kwa sekunde, mapigo ni kama bilioni 1.29 kila sekunde.

Kamera ilipima mahali ukuta ulipo, na kasi ikatafutwa baadaye; leza inaisoma kasi moja kwa moja. Ndani ya usomaji huo kuna ngazi ndogondogo: ukuta unaruka, unatulia kidogo, unaruka tena, kila mara mawimbi yanapokwenda na kurudi ndani ya ule unene wa milimita 2.6. Kwenye filamu ya miaka ya 1960, ngazi hizo zilionekana kama mstari laini.