Mregho, Kihamba na Kitabu: Kumsoma Tena Petro Itosi Marealle

Katika pwani na visiwa vyake, wasia wa mzazi kwa mwanawe umezoeleka kuvaa vazi la ushairi. Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi mnamo mwaka 1858. Shaaban Robert naye, katika Maisha Yangu (1949), aliingiza tenzi mbili alizowatungia wanawe: Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa kijana. Maandishi ya namna hii hayasomwi mara moja. Msomaji huyapokea utotoni kwa kuamrishwa, huyabishia ujanani, na huyarudia uzeeni akimtafuta ndani yake mzazi aliyekwishatoweka. Suali linalostahiki kuulizwa ni hili: jamii isiyokuwa na mapokeo ya utenzi ulioandikwa iliwausia watoto wake kwa kitabu gani? Kwa upande wa Kilimanjaro, jibu mojawapo limo katika Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kitabu cha Petro Itosi Marealle, aliyekuwa mangi wa Marangu. Kilitoka mwaka 1947, kikachapwa upya na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2002.

Si kwamba mlima ulikuwa hauna cha kusomwa kabla ya shule za wamisheni. Vijana waliotoka jandoni walifunzwa kwa mregho, yaani fimbo iliyochongwa alama. Mkufunzi aliipitia alama baada ya alama, na kila moja ilikuwa na funzo lake, juu ya mimba na uzazi, juu ya wajibu wa mume na wa mke. Mmisionari Bruno Gutmann na, baada yake, Otto Raum katika Chaga Childhood (1940), waliyaandika mafunzo hayo kwa lugha za Ulaya. Lakini fimbo ilisomeka pale tu alipokuwapo wa kuisoma. Akifa mkufunzi bila ya kurithisha, kilichobaki mkononi mwa wajukuu kilikuwa kijiti chenye mikwaruzo.

Hapo ndipo ulipo uzito wa hatua aliyoichukua Marealle. Yeye hakumwandikia mtaalamu wa Ulaya, wala hakuandika kwa Kichagga cha Marangu. Aliandika kwa Kiswahili, lugha ya shule na ya soko la Moshi, ambayo Mmachame na Mrombo waliweza kuisoma bila ya mmoja kuinamia lahaja ya mwenziwe. Uteuzi huo una gharama yake. Neno "ahera" lililomo katika anwani lilipanda mlimani kutoka pwani, likiwa limebeba Kiyama, hesabu, malipo. Ahera ya Wachagga wa kale haikuwa mbali kiasi hicho. Warumu, yaani roho za wahenga, walihesabiwa kuwa karibu na wazao wao, wakipewa sehemu yao ya mbege na ya nyama, nao wakizikwa katika kihamba, shamba la migomba la ukoo. Mwandishi Mkristo anatumia neno lenye asili ya Kiarabu kuelezea imani isiyokuwa ya Kikristo wala ya Kiislamu. Msomaji makini hana budi kuliona pengo hilo, na kulivuka kwa uangalifu.

Kwa nini basi kitabu hiki kiwe mali ya familia, na si ya maktaba za wanazuoni pekee? Jibu limo katika kihamba chenyewe. Kwa desturi, mwana wa kwanza na wa mwisho ndio waliotangulizwa katika urithi, na wa katikati akaenda kujitafutia kwengineko. Leo mashamba yamegawanywa hata hayagawanyiki tena, na wana wa mlima wametapakaa Dar es Salaam, Nairobi na ughaibuni. Kila Disemba wengi wao hurudi, na wapo wanaorudishwa katika jeneza. Mbele ya kaburi lililochimbwa kati ya migomba, aliyekulia mjini huuliza kwa nini hapa na si pale, na kwa nini isale limepandwa mpakani. Mara nyingi aliyekuwa na jibu ndiye anayezikwa. Kitabu kilichopuuzwa ujanani ndipo kinapofunguliwa upya, wala si kwa ajili ya mtihani.

Hata hivyo, heshima hiyo isimfumbe macho mhakiki. Anwani inamtaja "Mchagga", mmoja, kana kwamba mlima mzima una desturi moja. Aliyezaliwa Machame hukua akitazama Kibo. Aliyezaliwa Rombo, mbele yake imesimama Mawenzi yenye ncha zilizomeguka. Hata ngano ya Mawenzi aliyekwenda kuomba moto kwa Kibo, akapigwa, haisimuliwi kwa namna moja. Isitoshe, msemaji wa kitabu ni mangi, na desturi husikika vyengine zinaposimuliwa na aliyekuwa akizisimamia. Binti, ambaye kwa kawaida hakurithi kihamba, angeyaeleza maisha hayo hayo kwa sauti nyengine. Sauti ya aina hiyo imesikika katika Parched Earth (2001), riwaya ya Kiingereza ya Elieshi Lema, mzaliwa wa Kilimanjaro, inayomweka mwanamke katikati na kuuhoji mfumo unaompendelea mwana wa kiume.

Vitabu hivyo viwili vinafaa kuwekwa katika rafu moja, na kusomwa kimoja baada ya chengine. Ardhi ya ukoo ikigawanywa, kila mrithi hupata kipande kidogo kuliko cha babaye, na binti huenda asipate kitu. Kitabu kikiachwa nyumbani, mtoto wa katikati hukipata kizima, na dada yake vile vile. Marealle pengine hakulikusudia hilo alipokuwa akiandika. Lakini mregho uliwekwa mikononi mwa wachache waliochaguliwa. Kitabu chake hakimuulizi anayekifungua kuwa ni mtoto wa ngapi.