Kuchambua Vipeuo

Msimu wa karafuu Pemba, kazi ya mchana huwa juu ya mikarafuu. Ya usiku huwa chini, jamvini. Rundo hukaa katikati, watu hulizunguka, na kila mkono hufanya lile lile: kuokota kishada, karafuu upande huu, makonyo upande ule. Huko ndiko kuchambua. Ndivyo nilivyojifunza vipeuo vya pili, daftari gotini, vidole vikinuka karafuu.

Chukua √72. Ivunje kwa namba tasa: 2 × 2 × 2 × 3 × 3. Kila jozi humtoa mmoja nje: 2 hutoka, 3 hutoka, na ile 2 isiyo na mwenzake hubaki ndani. Jibu ni 6√2. Hakuna kilichopungua, na ndiyo sababu neno “kurahisisha” halinikai vizuri mdomoni. (Neno “kipeuo” lenyewe nalipenda. Kipeo hupandisha, kipeuo hurudisha; u moja tu, kama ziba na zibua.)

Utamu wake uko kwenye √50 + √72. Mwenye haraka hujumlisha ndani kwa ndani, akapata √122, yaani 11 na kidogo. Chambua kwanza: 5√2 na 6√2. Kumbe namba hizi zilizokuwa haziamkiani ni ndugu wa tumbo moja! Jumla ni 11√2, zaidi ya 15 na nusu.

Zamani kazi hii ilikuwa pia huruma kwa mkono. Kugawa 1 kwa √2, yaani kwa 1.414 hivi, bila kikokotoo ni adhabu. Lakini zidisha juu na chini kwa √2, asili inakuwa 2, na nusu ya 1.414 ni 0.707. Umemaliza.

Fundi mwashi anayepima chumba cha futi 12 kwa 12 hana haja ya haya. Ulalo wake ni √288, yaani 12√2. Akivuta futi kona kwa kona akasoma 17, amezidisha theluthi ya inchi hivi, na plasta itaimeza. Hesabu haimezi. √2 haiandikiki kwa sehemu yoyote ya namba nzima, wala desimali zake hazina kikomo, basi iache ilivyo.

Mimi sikuiacha. Mara ya kwanza niliandika 6 peke yake. Ile √2 niliiona takataka, nikaifuta. Daftari likarudi na wino mwekundu. Usiku ule ule nilikuwa nafagia makonyo niyatupe uani, bibi akanishika mkono. Makonyo huenda Wawi, karibu na Chake Chake, kwenye kiwanda kinachoyakamua mafuta.

“Hayo usiyamwage, mjukuu wangu,” akasema. “Yana mnunuzi.”