Gunia la Sita

Miche inayoonekana kwenye picha ya Jumatatu ya wiki ya nne si miche waliyoipanda watoto. Wazazi waliofuata mradi wa sukumawiki wa Gredi ya Tano tangu muhula ulipofunguliwa wairudie picha ya wiki ya pili, waitazame kando ya hii. Ile ya kwanza ina majani laini, mawili au matatu kwa kila mche, na shina jembamba. Hii ya sasa ina majani matano hadi sita, yamejikunja kingoni, na shina limeshakomaa. Sukumawiki haibadili mbegu yake ikiwa ndani ya gunia. Tazameni pia udongo wa juu: umefukuliwa upya, bado una unyevu wa chini, na matundu ya ubavuni yamepanuliwa kwa kidole cha mtu mzima. Chini ya picha hiyo, katika kundi la WhatsApp la wazazi, mwalimu aliandika kwamba mradi umefana, akawapongeza wanafunzi, na sisi wazazi tukashukuru mpaka usiku.

Mwalimu alikosea, na kosa lenyewe si la kilimo. Miche kufa ni jambo la kila siku. Wakulima wenye miaka arobaini shambani hupoteza kitalu kizima kwa wiki moja. Kosa ni uamuzi alioufanya baina ya Ijumaa na Jumatatu. Nitauchambua kwa kirefu, kwa sababu humo ndimo mlimokuwa na somo bora la muhula mzima, na familia zikanyimwa.

Mengi mengine aliyoyafanya yalikuwa sawa, tena mazuri: aliomba magunia wiki mbili kabla, aliandika kwa Kiswahili kinachosomeka, alituma habari kila Ijumaa bila kuruka, na hakuna siku aliyodai picha za kuchapishwa saiba saa tatu za usiku.

Sasa tuingie kwenye magunia. Yalikuwa sita, kila kundi na lake. Yalijazwa ipasavyo: nguzo ya kokoto katikati ili maji yashuke hadi chini, udongo uliochanganywa na samadi pembeni, matundu ubavuni kwa miche. Samadi ilitoka kwenye banda la kuku la jirani wa shule, ikachotwa siku ileile na kutiwa siku ileile. Makundi matano yalipata ya kutosha. Kundi la sita lilipofika kwenye ndoo lilikuta imekwisha, basi wakaenda kukwangua samadi ya mbuzi iliyokuwa imelala nyuma ya nyumba ya mlinzi tangu msimu uliopita. Kufikia wiki ya tatu magunia matano yalikuwa yameungua. Kingo za majani zilianza kuwa kahawia, kisha jani zima, kisha mche ukalala. Gunia la sita lilikuwa kijani kibichi.

Watafiti hulipa pesa kupata mpangilio kama huo. Mbegu moja, udongo mmoja, maji yaleyale, jua lilelile, mikono ya watoto wa darasa moja. Kilichotofautiana ni samadi tu. Samadi ya kuku ikiwa mbichi ina naitrojeni nyingi, hutoa amonia, na chumvi yake huunguza ncha za mizizi michanga. Inahitaji kurundikwa na kugeuzwa kwa wiki kadhaa ipoe kabla ya kugusana na mche. Mtoto wa miaka kumi angeweza kulifikia jibu hilo mwenyewe, kwa macho yake, kwa kuuliza swali moja tu: wale wa gunia la sita walifanya nini ambacho sisi hatukufanya?

Swali hilo halikuulizwa. Mwalimu alinunua miche mikubwa kwa muuza miche wa barabarani, akarudi shuleni mwisho wa juma, akapanda upya. Alipanda upya magunia yote sita. Hapo ndipo ninaposhindwa kumtetea. Angebadili matano yaliyokufa, ningesema ana haraka ya kuwapa watoto kitu cha kuvuna kabla ya likizo. Lakini gunia la sita lilikuwa hai! Alilifukua ili lifanane na mengine, kwa sababu gunia moja lenye miche midogo lingeharibu picha na kuleta maswali. Ushahidi pekee uliobaki wa kilichotokea ulitupwa kwenye shimo la taka, pamoja na kazi ya watoto watano waliofaulu bila kujua kwa nini.

Naijua hofu yake, nami siidharau. Tathmini za shuleni siku hizi zina uzito. Alama za miradi hupandishwa kwenye tovuti ya KNEC, Baraza la Mitihani la Taifa la Kenya, na mwalimu mwenye safu nzima ya "kukaribia matarajio" huitwa ofisini kujieleza. Wazazi nao wamezoea kuuliza mtoto amekuwa namba ngapi hata pale ambapo hakuna namba; nimeandika mara nyingi kuhusu ugonjwa huo na nitaendelea kuandika mpaka upone. Lakini jedwali la tathmini linapima umilisi wa mtoto, halipimi afya ya sukumawiki. Mtoto anayeeleza kwa nini mmea wake ulikufa, akaonyesha gunia la mwenzake kuwa ushahidi, amezidi matarajio. Mtoto aliyesimama kando ya miche ya dukani akipigwa picha hana la kueleza. Mwalimu alibadilisha kazi ya alama za juu kwa kazi isiyostahili alama yoyote, akidhani anawasaidia.

Tena jambo hili tulishalipitia, upande wa pili wa meza. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika nchi nzima 2019, na katika miaka iliyofuata watoto wakaletewa mradi wa kinyago cha kutishia ndege, walimu walilalamika, na walikuwa na haki: wazazi walikuwa wakishona vinyago vyenyewe, wengine wakilipa mafundi, na mtoto akibeba tu mpaka langoni. Tuliambiwa tuache mikono yetu mfukoni. Tuliambiwa kinyago kilichopinda cha mtoto ni bora kuliko kilichonyooka cha baba. Maneno hayo yalikuwa ya kweli wakati ule kwa mzazi. Ni ya kweli leo kwa mwalimu.

Kuna hasara nyingine, nayo inahusu hasa kazi ya kuzijulisha familia. Mwongozo wa mtaala wa 2017 unataja kumwezesha na kumshirikisha mzazi miongoni mwa misingi yake. Kushirikishwa ni kupewa jambo ambalo bado liko wazi, ambalo mzazi anaweza kuongeza kitu. Picha ya mboga iliyokamilika haina nafasi ya kuongeza kitu. Kilichobaki ni kupiga makofi. Habari ya miche iliyokufa ingewakuta nyumbani watu wanaojua. Mtoto ninayeishi naye aliponong'ona mezani kwamba miche yao "ilikauka ikabadilishwa", bibi yake, ambaye amefuga kuku tangu kabla shule ile haijajengwa, hakumaliza hata kuyasikia maneno hayo. Aliuliza samadi ilikuwa ya lini. Mtoto akasema ya siku ileile. Bibi akasema, "Mliipika ile miche, mjukuu wangu." Elimu hiyo ilikuwa imekaa nyumbani siku zote, bila malipo, na darasa halikuijia.

Atakayesema kwamba habari kama hiyo ni ndefu, haieleweki, itazua mabishano, namwandikia hapa. Ujumbe mfupi wa simu ya kawaida unabeba herufi 160, na simu ya kawaida ndiyo iliyo mikononi mwa wazazi wengi wa shule ile. Huu unatosha ndani yake: "Miche ya Gredi 5 imekauka. Wanafunzi wanatafuta sababu. Muulize mtoto leo: mlitia samadi ya mnyama gani, na ilikaa siku ngapi? Mwl. wa Kilimo." Una habari, una kazi ya mtoto, na una mlango wa mzazi. Hauhitaji picha wala bando.

Nikitaja picha, niseme na hili, maana sitaki lisahaulike. Picha ya Jumatatu ina nyuso za watoto thelathini na kitu, wakiwa na sare yenye jina la shule kifuani. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019, na Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kundi la wazazi si ubao wa matangazo, nakubali, lakini picha ikishafika kundini, ndugu na jirani huirusha wanakotaka. Mradi wa kilimo unaonyeshwa kwa picha ya mizizi, ya jani lililoungua, ya mkono ulioshika rula. Nyuso hazikuongeza chochote.

Na lile kundi lenyewe! Tangu 2018 WhatsApp ilipoleta mpangilio wa kuruhusu wasimamizi pekee kuandika, shule zimeukimbilia kana kwamba ndiyo dawa ya wazazi wasumbufu. Najua kelele za makundi, najua matangazo ya mikopo na maombi ya usiku wa manane. Lakini kundi hili lilifungwa wiki ya kwanza, na kuanzia hapo tukabaki na vidole gumba na vikopa tu. Lingekuwa wazi hata saa moja kila Ijumaa, kuna mkulima kati yetu angeona ile ndoo ya samadi katika picha ya siku ya kwanza, ikifuka mvuke, na angesema neno kabla mche mmoja haujagusa udongo. Kosa la wiki ya kwanza ndilo lililorahisisha kosa la wiki ya nne.

Waliotutangulia walifanya vizuri zaidi, na walikuwa na vifaa haba. Célestin Freinet alikuwa mwalimu wa kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa, aliyerudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa na jeraha la pafu lililomzuia kuhutubia darasa kwa muda mrefu. Mwaka 1924 alipata mtambo mdogo wa kuchapa, akawaachia watoto waandike wenyewe habari za maisha yao, wapange herufi kwa vidole vyao, wachape. Kurasa zilikwenda nyumbani, na zilikwenda kwa watoto wa shule ya mbali huko Brittany, waliokuwa wakijibu kwa kurasa zao. Mwalimu hakuwa msemaji wa darasa. Watoto ndio waliosema, na mtoto akisema habari ya kuku wa kwao aliyekufa, anasema amekufa.

Hata hapa kwetu tulikuwa na mbinu hiyo bila mtambo. Mwalimu aliyetufundisha darasa la tano alikuwa na daftari la Ijumaa. Kila mwanafunzi aliandika mistari mitatu: tulichofanya, kilichotushinda, tutakachojaribu Jumatatu. Mstari wa pili haukuruhusiwa kuachwa wazi. Ulioandikwa "hakuna" ulirudishwa ukiwa na mstari mwekundu, nawe ulikaa chini ukafikiri mpaka ukumbuke. Baba yangu hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea mimi, naye akaweka dole gumba. Mara nyingi alikuwa na neno juu ya ule mstari wa pili. Juu ya wa kwanza sikumbuki kama aliwahi kusema lolote. Mwalimu huyo alikuwa na wanafunzi wengi kuliko huyu wetu, hakuwa na simu, na hakuna mzazi aliyekuwa na shaka juu ya kinachoendelea darasani kwake.

Huyu wetu ni kijana, ana bidii, na anaandika kila Ijumaa. Anaweza kurekebisha mambo kabla ya ripoti ya muhula. Watoto watano wa gunia la sita bado wapo na wanakumbuka walikokwangua samadi yao. Awasimamishe mbele ya darasa, waulizwe, wenzao waandike, na maandishi yao yaende nyumbani kama yalivyo, pamoja na makosa ya tahajia. Atumie neno "imekufa". Hakuna mzazi atakayemdharau kwa hilo, na wachache watakaomdharau wasimzuie.

Afanye haraka, kwa sababu muhula ujao ni zamu ya Gredi ya Nne. Orodha ya magunia imeshatumwa kwa wazazi wao. Inasema kila mtoto alete gunia moja na kopo la mbegu, na kwamba samadi itatoka kwa jirani, kwenye banda la kuku.