Mvua, Hojaji na Jina Lililotajwa: Maoni Juu ya Njia za Utafiti Katika Tasnifu Zetu

Katika miaka ya karibuni nimesahihisha tasnifu nyingi za wanafunzi watokao Geita, Shinyanga na Mwanza, na sehemu kubwa yao wamejichagulia somo moja: mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi, au somo lililo jirani nalo, mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Uchaguzi huo wastahili sifa. Mchungaji anayepangiwa usharika huko hakawii kugongewa mlango usiku na mjane aliyeonywa kwamba jina lake limetajwa kwa mganga. Ni haki, basi, chuo kimwandae kwa saa hiyo. Lakini sura ya tatu ya tasnifu hizo, ile ya njia za utafiti, ndiyo inayonisikitisha, na juu yake nataka kusema wazi.

Sura hiyo karibu daima huanza kwa tamko kwamba mtafiti ametumia "njia ya kitakwimu na njia ya kimaelezo". Kwa nini zote mbili? Haielezwi. Kisha hutajwa hojaji 30 zilizogawiwa baada ya ibada, na katika sura ya nne twasoma kwamba asilimia 73.3 ya Wakristo hawaamini uchawi. Asilimia 73.3 ya watu 30 ni watu 22. Laiti watatu kati yao wangejibu vingine, tungekuwa na asilimia 63.3, na mwandishi angeandika hitimisho lile lile kwa uhakika ule ule. Nukta ile ya desimali ni vazi la kuazima. Haina kosa yenyewe, ila inavikwa mwili usioienea.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, halimo katika hesabu. Limo katika swali. Nilipokuwa mchungaji wa usharika mmoja wa wachimbaji wadogo wilayani Geita, niliwahi kuandaa hojaji kama hizo kwa ajili ya masomo yangu mwenyewe. Niliuliza: "Je, unaamini uchawi?" Karibu wote walijibu hapana. Nilifurahi, nikaandika. Majuma machache baadaye mzee wa kanisa, mmoja wa waliojibu hapana, alinijia kuomba maombi kwa sababu mpwa wake "amelogwa". Hakuwa amenidanganya. Neno "kuamini" katika Kiswahili cha Kanisa ni neno la ungamo. Tunalikiri kila Jumapili tukiwa tumesimama. Kumwuliza Mkristo, tena mchungaji wake akiwa ndiye mwulizaji, kama anaamini uchawi ni kumwuliza kama amemkana Bwana. Naye alijibu swali alilolisikia. Swali nililotaka kuuliza lilikuwa jingine: mtoto wako alipougua mara ya mwisho, mlikwenda wapi kwanza, na nani alitoa shauri hilo? Hilo lingejibiwa. Aidha, Kisukuma hutenganisha kazi ya mganga (bufumu) na ile ya mchawi (bulogi), na mtu aweza kulichukia la pili kwa moyo wake wote huku akiona la kwanza ni tiba tu. Hojaji ya Kiswahili iliyotafsiriwa kutoka kitabu cha kigeni huyafunga yote katika mfuko mmoja.

Isidhaniwe kwamba nachukia idadi. Uchunguzi ulio bora kuliko yote juu ya jambo hili kwa upande wa takwimu ni ule wa mwanauchumi wa Marekani, Edward Miguel, uliochapishwa mwaka 2005. Aliuliza habari za vijiji 67 vya wilaya ya Meatu, iliyokuwa Mkoa wa Shinyanga wakati huo (tangu mwaka 2012 imo Simiyu), kwa muda wa miaka kama kumi na moja. Kisha akalinganisha mauaji na mvua. Aligundua kwamba katika miaka ya ukame au ya mafuriko, mauaji ya watu waitwao wachawi huongezeka karibu mara mbili, hali mauaji mengine hayaongezeki. Waliouawa walikuwa kwa kawaida wanawake wazee, na wauaji kwa kawaida jamaa zao.

Mwanafunzi na atazame ni kwa nini mvua. Maskini aweza kuwa mwenye kuua, na mwenye kuua aweza kuwa maskini, wala hatujui kipi kimetangulia. Lakini hakuna mwuaji awezaye kuleta ukame. Mvua hunyesha au hukataa bila kujali imani ya kijiji, na kwa hiyo, mauaji yakiifuata mvua, tunaweza kusema kwamba njaa ni sehemu ya chanzo, si jirani yake tu. Huo ndio uzuri wa njia ya kitakwimu ikitumiwa vema: inatuwezesha kutenga chanzo kimoja na vingine. Tena ilimpeleka Miguel kwenye pendekezo ambalo mahubiri yetu hayajawahi kulitoa, yaani pensheni ya uzee, ili bibi awe mwenye kuleta kitu nyumbani badala ya kuhesabiwa kinywa cha ziada. (Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016, kwa sababu zake nyingine.)

Lakini njaa haina macho. Inaweza kueleza ni mwaka gani. Haiwezi kueleza kwa nini ni bibi na si babu, wala kwa nini njaa za mahali pengine hazina damu ya namna hii. Hapo twamhitaji Simeon Mesaki, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1993 ingepaswa kusomwa na kila mwanafunzi kabla hajaandika hojaji hata moja. Yeye hushika njia ya historia na ya kukaa na watu. Anarudi nyuma hadi sheria ya uchawi ya mkoloni ya mwaka 1928, iliyofanya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa, na kwa hiyo ikawaondolea watemi uwezo wa kusikiliza mashauri hayo hadharani. Anafika kwenye vijiji vya miaka ya 1970, ambapo watu waliozoea kaya za mbalimbali walikusanywa karibu karibu. Zamani aliyeshukiwa aliweza kuhama. Kijijini alibaki akionana na mshitaki wake kisimani kila asubuhi. Serikali yenyewe, ilipofanya uchunguzi katika miaka ya 1980, ilihesabu zaidi ya watu 3,000 waliouawa kwa sababu hii katika miaka ya 1970 hadi 1984, na wengi wao walikuwa Usukuma.

Je, Mesaki na Miguel wanapingana? Wanafunzi wangu hupenda kuandika hivyo, kwa kuwa sura ya pili ya tasnifu hudai "mjadala". Kwa maoni yangu hawapingani, maana hawakuuliza swali moja. Mmoja aliuliza lini, mwingine aliuliza imekuwaje. Anayetaka kutumia njia zote mbili na aoneshe kwanza kwamba ana maswali mawili.

Kuhusu mauaji ya wenye ualbino, yaliyoshtua taifa kuanzia mwaka 2007, nina shaka zaidi. Makala inayotajwa mno ni ile ya Deborah Bryceson na wenzake wawili, ya mwaka 2010, inayoyahusisha na waganga na wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaotafuta bahati katika kazi ya hatari. Nguvu ya makala hiyo ni kukataa wepesi wa kusema "hizi ni mila za zamani". Jambo hili ni jipya, limezaliwa mahali penye fedha mpya na hofu mpya. Hata hivyo, katika uovu wa siri kama huu mahojiano humfikisha mtafiti mlangoni tu. Kutoka "wachimbaji huenda kwa mganga" hadi "wachimbaji hununua viungo vya binadamu" ni hatua ambayo hoja imeivuka na ushahidi haujaivuka. Mwanafunzi wa Geita aichukuapo hatua hiyo bila kuitazama, anaandika mashtaka dhidi ya washarika wake mwenyewe wa Nyarugusu na Rwamgasa, na tasnifu yake hukaa maktabani ikiwashitaki. Nawaambia wanafunzi wangu: Rwamgasa hiyo hiyo iliwahi kuchunguzwa na wataalamu wa mradi wa zebaki wa Umoja wa Mataifa, na hao hawakutosheka kusikia kwamba watu wanaugua. Walipima zebaki katika mkojo, damu na nywele. Sisi hatuna kipimo cha namna hiyo kwa dhambi. Basi angalau tukiri pale tunapokisia.

Huenda mtu akauliza kama mchungaji anafaa kabisa kuwa mtafiti, ikiwa watu humjibu kama nilivyojibiwa mimi. Kielelezo changu ni Bengt Sundkler, aliyekuwa askofu wa Kilutheri huko Bukoba mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kitabu chake cha mwaka 1948 juu ya makanisa ya Kiafrika ya Afrika Kusini kiliyahukumu makanisa ya Kizayuni kuwa daraja la kuwarudisha watu kwenye upagani. Aliendelea kusikiliza, na baadaye, katika Zulu Zion ya mwaka 1976, aliiacha hukumu hiyo mbele ya wasomaji wake. Alikuwa mchungaji muda wote huo. Uchungaji haukumzuia kuona; ulimpa miaka ya kutosha ya kuona tena.

Nasi tuna jambo ambalo Miguel hakuwa nalo wala Mesaki hakulimaliza, nalo ni madaftari ya usharika. Daftari la mazishi, kumbukumbu za baraza la wazee, orodha ya waliowekwa chini ya nidhamu ya Kanisa kwa kwenda kwa mganga na tarehe waliyorudishwa. Mwanafunzi mmoja akiyasoma ya miaka 40 katika sharika tatu atajifunza mengi kuliko kwa hojaji 300. Lakini asiende kwa mjane akiongozana na mwenyekiti wa kitongoji, wala asimhoji uani pake mchana majirani wakitazama, maana wakata mapanga nao husikia nani alitembelewa na nani. Jina lake lisiandikwe hata kwenye daftari la mtafiti.

Na ayasome madaftari hayo pamoja na nafasi zilizoachwa wazi. Katika moja nililolisoma, safu ya chanzo cha kifo imejazwa kwa uangalifu: homa, uzazi, ajali ya shimo. Penye majina ya wanawake wazee kadhaa waliozikwa katika mwaka mmoja wa ukame, mwandiko ni ule ule, na safu hiyo haina neno.