Vifaa vya Studio ya Picha: Namna ya Kuvipima na Kuvipanga

Studio ya picha huanza na chumba, zikafuata taa, kamera ikaja mwisho. Wanunuzi wengi huenda kinyume: fedha karibu zote huishia kwenye kamera, taa hununuliwa kwa kinachobaki, na chumba hupokelewa jinsi kilivyo. Hasara yake huonekana kwenye picha. Watu wa familia moja waliopigwa ndani ya nusu saa hutoka na rangi tatu tofauti za ngozi, na mrefu wao amekatwa miguu kwa sababu ukuta ulimzuia mpiga picha kurudi nyuma. Kipimo cha studio nzuri ni kurudia: picha ya kumi ilingane na ya kwanza kwa mwanga na rangi, na mteja akirudi mwakani kuongeza picha ya mtoto kwenye fremu ile ile, mpya na ya zamani zikae pamoja bila kugombana. Kila kifaa kinachoingia studioni kipimwe kwa hilo.

Chumba hupimwa kwa futi kabla ya kulipiwa kodi. Kamera yenye sensa kamili, ile ya milimita 24 kwa 36, ikishikwa wima na kufungwa lenzi ya milimita 85, huhitaji kusimama karibu mita 5.7 kutoka kwa mtu ili ione kimo cha mita 2.4, yaani mtu mzima aliyesimama pamoja na nafasi kidogo juu na chini. Mtu huyo naye akae mita 1.5 hadi 2 mbele ya pazia ili kivuli chake kisilifikie, na nyuma ya kamera ibaki nafasi ya mpiga picha mwenyewe. Jumla inapita mita 8. Kwa lenzi ya milimita 50 umbali ule wa kwanza hushuka hadi mita 3.3, na chumba cha mita 6 kinatosha. Kamera yenye sensa ndogo zaidi, inayokuza mara 1.5, itafanya kazi hiyo hiyo kwa lenzi ya milimita 35. Hivyo urefu wa chumba ndio unaochagua lenzi, na anayenunua lenzi kwanza huenda akalazimika kupiga picha akiwa amesimama mlangoni. Dari ya mita 3 huruhusu taa kuinuliwa juu ya kichwa cha mtu aliyesimama. Ikiwa chini ya mita 2.5, taa yenye softiboksi kubwa, lile kasha la kitambaa linalolainisha mwanga, hubaki usawa wa macho, na uso hupoteza umbo lake.

Vyumba vingi vya kupanga huwa vimepakwa kijani, waridi au krimu. Mwanga unaogonga ukuta wa kijani hurudi ukiwa wa kijani, ukatua chini ya kidevu na ubavuni mwa pua. Ndoo ya rangi nyeupe au ya kijivu isiyong'aa huondoa tatizo hilo kwa siku moja, na hakuna pesa inayotumika vizuri zaidi studioni kuliko hiyo.

Kuhusu dirisha, vitabu vya Ulaya husifu lile linalotazama kaskazini, kwa kuwa jua la huko halipiti upande huo. Ushauri huo haufai Dar es Salaam, ambako jua la adhuhuri huwa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, kisha huhamia kusini kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi. Nairobi, iliyo karibu zaidi na ikweta, hugawana pande hizo karibu nusu kwa nusu. Kinachofaa katika ukanda huu ni dirisha la kaskazini au kusini lenye upenu mpana, kwa sababu jua la mchana huwa juu sana na upenu hulizuia. Madirisha ya mashariki na magharibi hupenyeza jua la chini asubuhi na jioni, na pazia jembamba jeupe huwa la lazima. Dirisha zuri si kitu cha kudharau. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga sehemu kubwa ya picha zake uani kwa mwanga wa mchana, na pazia lake la kwanza lilikuwa tandiko la kitanda chake. Nusu karne baadaye picha hizo zilitundikwa katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani.

Taa za studio ni za aina mbili: flashi, inayotoa mweko mmoja mkali na mfupi, na taa za LED zinazowaka muda wote. Flashi ya jouli 300 au 400 inatosha kwa mtu mmoja hadi watatu kupitia softiboksi. Ukoo mzima uliokuja na bibi harusi unahitaji jouli 600 au taa mbili. LED humsaidia anayerekodi video na anayejifunza, kwa kuwa kivuli huonekana kabla ya kubonyeza, lakini kwa picha za watoto wasiotulia flashi haina mpinzani.

Namba za kwenye boksi hazimwambii mnunuzi kama flashi inarudia. Jaribio lake hufanyika dukani kwa dakika tano. Kamera huwekwa kwenye stendi na kuelekezwa kwenye karatasi nyeupe iliyobandikwa ukutani, mipangilio yote ikiwa ya mkono: shata 1/125, tundu f/8, uwiano wa rangi umefungwa. Mweko hupigwa mara 20 mfululizo, kila mmoja mara tu taa inapolia kuwa imejaa. Kisha picha zote hutazamwa pamoja kwenye skrini zikiwa ndogo ndogo. Flashi nzuri huacha safu za vipande vinavyofanana kabisa. Flashi mbovu hujionyesha papo hapo: kipande cha saba kina giza, cha kumi na mbili kina manjano. Jaribio lirudiwe nguvu ikiwa ya juu kabisa na ikiwa ya chini kabisa, maana flashi nyingi za bei nafuu huwa na adabu katikati na kuyumba kwenye ncha.

LED ina mtego wake. Boksi huandikwa kiwango cha uaminifu wa rangi, kinachojulikana kwa herufi CRI, na wanunuzi wameshajifunza kudai 95. Tatizo ni kwamba namba hiyo ni wastani wa rangi nane zilizofifia, na wekundu mzito, unaoitwa R9, haumo ndani ya wastani huo. Taa inaweza kupata 90 huku wekundu wake ukiwa duni. Ngozi ya Mwafrika, kuanzia maji ya kunde hadi nyeusi ti, ina wekundu mwingi chini ya weusi wake; wekundu ukikosekana kwenye taa, uso hutoka na rangi ya majivu, na mteja hulalamika kwamba picha haifanani naye bila kujua kwa nini. Mnunuzi makini hudai R9 ya 90 au zaidi. Namba hiyo ikikosekana, kanga ya kisutu humaliza ubishi. Kisutu kina weupe, weusi na wekundu mzito pamoja. Hutandikwa kwenye kiti, mkono ukawekwa juu yake, picha ikapigwa kwanza nje kwenye kivuli kisha chini ya taa, kila mara uwiano wa rangi ukiwa umepimwa kwa kadi ya kijivu. Wekundu wa kisutu ukigeuka rangi ya tofali, au mgongo wa mkono ukapauka, taa hiyo irudishwe kwenye boksi.

LED ijaribiwe pia kwa shata ya 1/1000 au kwa video ya simu ya mwendo wa pole. Umeme wa gridi hapa ni wa hezi 50, na taa duni hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kupepesa huko huonekana kama michirizi ya giza inayovuka picha. Na kwa kuwa umeme hukatika wakati wowote, taa inayotumia betri ya kuchomoa, ikiwa na betri mbili, hustahili bei yake ya ziada.

Ulaini wa kivuli hautokani na bei ya taa. Hutokana na ukubwa wa chanzo cha mwanga kikilinganishwa na umbali wake kutoka kwa uso. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao zaidi kuliko kwa kivuli: chanzo kidogo huacha doa jeupe dogo na kali kwenye paji la uso, kikubwa hutandaza mng'ao mpana na wa upole kutoka paji hadi shavu. Kwa hiyo softiboksi moja ya sentimita 120 ina faida kuliko mbili za sentimita 60. Ubora wake huonekana ikiwashwa na kupigwa picha yenyewe ikiwa na giza la kutosha: uso wake uwe umejaa mwanga karibu sawasawa. Kiini kinachong'aa katikati na pembe zilizofifia ni dalili ya kitambaa chembamba au kukosekana kwa pazia la pili la ndani. Pete inayoshika taa iwe ya chuma. Ya plastiki hulainika kwa joto, na siku moja softiboksi huanguka mbele ya mteja. Mwavuli mweupe ni rahisi na huwahi kufunguka, ila humwaga mwanga kila upande, na katika chumba kidogo umwagikaji huo ni hasara.

Umbali wa taa una hesabu kali: ukizidishwa mara mbili, mwanga unaofika hushuka hadi robo. Hatua moja ya taa kuelekea usoni hubadilisha picha nzima. Kamba nyembamba iliyofungwa kwenye stendi ya taa, ikiwa na fundo kwenye mita 1 na jingine kwenye mita 1.5, huvutwa hadi kidevuni kabla ya picha ya kwanza. Kamba hiyo haina bei ya kutajwa, na huleta ulinganifu ambao taa ya mamilioni haiuleti ikiwekwa kwa kukisia.

Stendi hupimwa kwa kuinuliwa hadi mwisho na kusukumwa kwa kidole. Kutikisika kidogo kunavumilika. Kuendelea kucheza baada ya kidole kuondoka hakuvumiliki. Ncha ya juu yenye unene wa milimita 16 hukubali karibu kila kifaa. Mifuko ya mchanga inunuliwe au ishonwe siku ile ile stendi inaponunuliwa, mmoja kwa kila stendi.

Mapazia ya studio yana historia ndefu pwani. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na studio ya Parekh ya Mombasa zilijenga jina kwa picha za watu waliovaa vizuri na kusimama mbele ya mandhari iliyoandaliwa kwa uangalifu. Leo chaguo kuu ni tatu. Karatasi ya rola, ya upana wa mita 2.72 na urefu wa mita 11, haina mshono wala mkunjo, lakini huchafuliwa na viatu na hukatwa kidogo kidogo hadi iishe. Plastiki nzito hufutika kwa kitambaa chenye maji, lakini ikiwa inang'aa hurudisha mwanga wa taa. Marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ikipakwa rangi kwa mkono hutoa pazia lenye madoa laini ambayo hayapatikani kiwandani. Kipande cha mita 3 kwa 5 kilichopakwa na fundi mzuri hudumu miaka. Kasoro ya kuikagua ni mshono: ukipita nyuma ya kichwa cha mtu, pazia lote limepoteza kazi.

Kamera haina mengi. Pikseli milioni 24 zinatosha kuchapa ukubwa wa A3 kwa ukali kamili, na studio yenye kamera ya miaka kumi na taa nzuri hushinda yenye kamera mpya na taa mbovu. Cha kuangalia ni kasi ya shata inayokubaliana na flashi, kwa kawaida 1/200 au 1/250. Ikizidi hapo, sehemu ya picha hufunikwa na utepe mweusi. Kamera kuukuu ipigishwe picha ya ukuta mweupe kwa f/16, na vumbi la sensa litajitokeza kama madoa ya kijivu. Lenzi kuukuu imulikwe kwa tochi kutoka nyuma, tundu likiwa wazi kabisa. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni fangasi, ugonjwa mkuu wa lenzi za Tanga, Mombasa na Unguja. Lenzi hiyo isinunuliwe hata kwa bei ya kutupa, na isiwekwe kabati moja na nyingine.

Mpangilio hufuata njia ya kazi. Mteja akiingia akutane na kioo na sehemu ya kuvalia, kisha uwanja wa kupigia, na mwisho dawati la kuchagulia picha, bila kuruka waya hata mmoja. Waya zipite kando ya ukuta, na zinapolazimika kukatiza sakafu zifunikwe kwa tepu ya kitambaa. Nafasi ya kila stendi kwa picha za pasipoti iwekewe alama ya tepu sakafuni, ili kazi hiyo ya kila siku ifanyike kwa dakika mbili na itoke vile vile iwe Jumatatu au Ijumaa. Vifaa vidogo vitundikwe kwenye ubao ukutani, kila kimoja na mchoro wa umbo lake nyuma yake. Pengo kwenye ubao hutangaza kilichopotea kabla fundi hajafunga mlango. Betri zipewe namba: zilizojaa zikae kulia, tupu kushoto, na hakuna ya katikati. Kadi za kumbukumbu zilizotumika zigeuzwe uso chini ndani ya kasha lake, na zisifutwe hadi picha ziwe mahali pawili tofauti.

Rola za karatasi zisimamishwe wima, maana zikilazwa hupinda katikati na pazia huning'inia na mawimbi. Lenzi na kamera zikae kwenye kabati au ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na mifuko ya silika na kipima unyevu kidogo, sindano yake ikae kati ya asilimia 40 na 50. Silika inayobadilika rangi ndiyo bora, kwa sababu hujitangaza yenyewe inapojaa maji; hukaushwa kwa moto mdogo hadi rangi yake ya awali irudi, ikapoa ndani ya chombo kilichofungwa, kisha ikarudishwa kabatini.