Heko kwa Wafunga Chambo wa Kenya

Sisi wa Posta, Dar es Salaam, tunaonunua samaki pale soko la Feri tunazijua ndoana na mishipi. Ufundi wa wenzetu wa Kenya ni mwingine: hufunga chambo bandia, wadudu wa manyoya wanaouzwa Ulaya na Marekani. Kazi inayompima mwanafunzi hasa ni kufunga nywele za ayala. Ndani zina vijishimo vya hewa, ndiyo maana zinaelea. Mwanafunzi huzizungushia uzi kwenye ndoana mara mbili bila kukaza, kisha huvuta, nazo hufumuka pande zote za ndoana. Akivuta mapema, hulala upande mmoja. Akizidisha, uzi hukatika. Huzishindilia, akazinyoa kwa wembe hadi kitokee chambo chenye umbo la chura. Naam, huo ni usanii kamili, na mikono hiyo inastahili malipo bora.