Nyaya Tatu za Kisimani

Mota ya pampu ya sola iko chini kabisa, ndani ya maji, na kinachofika juu ni nyaya tatu tu. Sensa ya kueleza rota imefikia wapi haimo. Kisimani ingekufa mapema, na kila waya wa ziada ni kebo ndefu nyingine na kiungo kingine cha kupenyeza maji. Basi fundi hukaa na hizo nyaya tatu, osiloskopu mbele yake, akiisoma rota ambayo hataiona.

Namheshimu sana anayeijua kazi hii. Rota ikizunguka, sumaku zake huzalisha umeme katika koili zilezile zinazoisukuma. Jambo hilo tunalijua tangu Faraday, 1831. Nyaya mbili zinapopewa umeme, wa tatu huachwa huru kwa muda mfupi, na huo ulioachwa ndio unaosema. Kwenye kioo volti yake hupanda au kushuka kimshazari hadi kuvuka sifuri. Lakini kabla ya hapo hutokea mwiba mkali, mabaki ya mkondo uliokatwa punde. Mwanafunzi huushika mwiba akidhani ndio wenyewe, na mota ikaanza kukoroma. Mjuzi huuacha upite, akangoja mvuko wa kweli, akahesabu nyuzi 30 za pembe ya umeme, ndipo akabadilisha nyaya zinazopewa umeme. Nimemwona mmoja akibishana na mwiba huo mchana kutwa, akipunguza muda wa kungoja kidogo kidogo, na sikutamani kuondoka.

Rota iliyosimama haisemi kitu. Huvutwa kwanza mahali panapojulikana, kisha hukokotwa taratibu mpaka nyaya zianze kujibu. Ukiharakisha inaachwa nyuma. Ukizubaa koili zinachemka. Katika miaka ya 1990 Robert Lorenz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, walishughulika na kimya hicho kwa kutia volti ndogo ya masafa ya juu, kwa kuwa chuma cha rota hujibu tofauti kulingana na kilivyoelekea. Kazi ya watu wenye subira.

Mafundi wetu wa zamani waliegemeza bisibisi kwenye mota, mpini sikioni, wakaisikiliza beringi kabla ya kufungua hata skrubu moja. Tabia ile ya kusikiliza kwanza inatutoka. Siku hizi namba za kidhibiti kinachoendesha mota hunakiliwa kutoka pampu nyingine, bila kupima hata ukinzani wa koili, ilhali shaba ikiongezeka joto nyuzi 50 tu, ukinzani wake hupanda karibu asilimia 20. Mota inasukwa upya kwa waya mwembamba kuliko wa awali, inarudishwa kisimani na namba zilezile za zamani. Ikigoma asubuhi, jua linalaumiwa. Kinanunuliwa kidhibiti kipya, na kile cha kwanza, kizima kabisa, kinauzwa chuma chakavu kwa kilo.